Feni ya Baba Grace Inayojiwasha

Luzira, Jumanne jioni

Basi leo mume wangu, fundi wa umeme wa polisi, kamaliza mtambo wake. Kidude cha kupima baridi alichokitoa kwenye friji bovu amekitundika nje ya dirisha. Upepo wa ziwa ukipoa, kiyoyozi kinajizima chenyewe na feni inaanza kuvuta hewa ya nje. Nyumba imepoa kweli, sibishi. Na kujisifu, amejisifu.

Ila fundi wangu alisahau kitu kimoja. Kile kiyoyozi kinanguruma kama lori, na mambo yetu ya siri tunayasema kikinguruma tu.

Tulikuwa mezani, chai haina sukari. Baba Grace akapaza sauti ili nimsikie: "Mwezi wa tatu huu hakuna sukari! Hawa wakubwa wanakunywa chai na nini?"

Katikati ya maneno, kiyoyozi kikajizima. "Wakubwa wanakunywa chai na nini" yote ikatoka kwa tundu la feni mpaka uani kwa Afande, jirani yetu mwanajeshi.

Na siku hizi mtu hupotea kwa neno dogo kuliko hilo.

Mlango ukagongwa. Afande mwenyewe, ana kifuko mkononi, anatabasamu.

"Mama Grace, ambia bwana yako, wakubwa nakunywa na hii."

Bwana mwenyewe alikuwa chini ya meza, eti anatafuta bisibisi.

Sasa yuko juu ya stuli, anang'oa mtambo wake bila kutoa sauti. Sukari ipo mezani. Hakuna aliyeigusa.