Punje Mbili Kwenye Leso

Miembeni, Bukoba

Mama mpendwa,

Kabla sijauliza habari za huko Morogoro, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri nilipokwenda kuungama. Nimemdanganya Bibi. Mjomba hakukubali.

Sasa nikusalimu. Shikamoo, Mama. Kifua cha Baba kinaendeleaje? Mimi ni mzima, Bibi ndiye anayepungua. Asubuhi namkalisha mlangoni alitazame ziwa, ananitania, "Huko kwenu mnakula nini, upepo?" Na mkono wake sasa ni mwembamba kuliko wangu.

Ulinituma nikamwombee Bibi mahali pa kuzikwa kwenye kibanja cha Babu, shamba lile la migomba kule Muleba. Nilikwenda kwa basi Jumamosi. Njia nzima ni migomba na mibuni, ziwa linaonekana na kupotea. Mjomba nilimkosa, alikuwa kwenye shamba la kijiji cha ujamaa, siku hiyo kila nyumba hutoa mtu. Aliporudi na jembe lake nilipiga magoti, nikamsalimu kwa Kihaya changu cha kuungaunga.

"Msomi," akasema, "Kiingereza kimekumeza ulimi?"

Alicheka, Mama. Akanikaribisha ndani, akamwambia mkewe alete kahawa ya kutafuna, ile mnayochemsha na majani na kuikausha. Ilikuja kwenye kijikapu chenye mfuniko. Akatafuna yeye kwanza, akanipa punje mbili mkononi.

Hapo nikakumbuka ulivyoninong'oneza stesheni: "Usile kitu kwa mtu yule." Mtu aliyesema Bibi, mama yake wa kambo, alimtilia Babu sumu, akamtoa kwenye kibanja na mkeka wake. Nikajifanya natia mdomoni. Punje nikazificha kwenye leso.

Maongezi yalikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Nilimwambia Bibi anataka kulala karibu na Babu. Alitazama nje kwenye migomba, upande wa kaburi, muda mrefu. Akauliza, "Bado anavuta kiko?" Nikasema anavuta. Akasema, "Watu wakiwa msibani husema mengi." Nikajua amelegea.

Nilipopiga magoti kuaga, leso ikateleza, punje zikaanguka juu ya nyasi za sakafuni. Zilikuwa kavu kabisa. Mkewe akaziokota.

"Zimekuponyoka, mwanangu."

"Ziache," Mjomba akasema. Hakupaza sauti. "Mama yake amemfundisha. Mimi nimetafuna mbele yake, naye anaogopa sumu yangu. Lile neno nililomwambia bibi yako nilitaka kulifuta leo. Sasa mmenirudishia. Azikwe hukohuko mjini."

Niliinuka nikatoka. Unanijua. Nililia kwenye basi nikitazama dirishani ili watu wasione.

Nilimkuta Bibi amevaa kanga safi, amekaa kitandani ananingoja. "Amesemaje?" Nikasema, "Amekubali." Alitaka kupiga kigelegele, sauti ikagoma. Tangu siku ile anaaga watu. Chungu chake kampa mama mwenye nyumba. Jana kamwambia jirani, "Mimi nina kwangu, nakwenda kulala kwenye migomba yangu." Na mvua zikipungua anataka nimpeleke Muleba, amshukuru Mjomba kwa kinywa chake mwenyewe. Mama, atafukuzwa mara ya pili kwenye mlango uleule, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemshika mkono.

Sikulaumu. Lakini mkono uliozificha punje ni wangu, na woga ulinipa wewe. Njoo. Panda treni mpaka Mwanza, upande meli, usingoje likizo. Twende wote kwa Mjomba, na kijikapu kikifunuliwa, utafune mbele yake. Nami nitatafuna, hata ikiwa chungu namna gani.

Msalimie Baba. Mwambie mdogo wangu kalamu zangu achukue, asipigane na wenzake. Na yule mama jirani aliyeniazima sweta, mwambie limenifaa, upepo wa ziwa una meno.

Nasikia fimbo ya Bibi barazani. Siku zote nikiisikia nasukuma karatasi chini ya godoro, naye anaona, ananyamaza. Kusoma hajui. Leo ataniuliza ninakuandikia nini. Karatasi naiacha hapa mezani. Nitamsomea, kuanzia juu.

Ni mimi mwanao,
Koku