Kibao cha Pale Kanisani

Malasoro, Vanuatu
Jumapili, baada ya ibada

Kwako shemeji yangu Kalsau,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Malasoro. Mgongo unaendeleaje na huko kuchuma nyanya Australia? Dada yako Leiwia anasema usijifanye chuma, uvae sweta asubuhi. Watoto hawajambo. Mimi mwili mzima. Mengine soma tu, utaona.

Barua yako niliipata. Umenishukuru kwa kumzika mama yako kwa heshima, ukasema una bahati ya kuwa na shemeji kama mimi. Kalsau, niliisoma mara moja nikaificha chini ya godoro. Hata dada yako sikuweza kumsomea.

Wanasayansi wa tsunami wamerudi. Ni wale wale: Daktari Hoshino wa Japani, yule mrefu wa Nyuzilandi, Wafiji wawili na vijana wetu kutoka mjini Vila. Wanapima wimbi hili jipya lilifika wapi, kisiwa kwa kisiwa, ili wachore upya ramani za mahali pa kukimbilia. Jana nakamalini, barazani kwetu wanaume, tukinywa kava yetu ya mizizi, Daktari Hoshino alisema kwa upole kwamba ushahidi wa mama ulikuwa na kosa, kwamba wazee husahau, na huenda wasiyategemee tena masimulizi ya wazee katika visiwa vyote. Mzee Tariliu akatania kwamba ni kweli, hata yeye akizidisha kava husahau nyumba yake ni ipi. Watu wakacheka. Mimi nikakiweka chini kifuu changu cha kava, nikaondoka.

Sasa nikueleze. Miaka miwili iliyopita, walipokuja mara ya kwanza, waliuliza ni nani aliyeliona wimbi la zamani. Aliyebaki hai alikuwa mama peke yake, aliyeliona akiwa msichana. Wakataka mkalimani. Haki ya Mungu, nilipaswa kusema kwamba mimi ni mkwe wake, simtazami usoni, simuulizi swali, wala silitaji jina lake. Wangemwita binamu yako Tomas, yamekwisha. Lakini walikuwa wameshanipa kofia na beji, na kimbelembele changu unakijua. Wewe mwenyewe huniita redio ya kijiji. Nikaivaa kofia.

Mama alikaa mlangoni pake juu ya mkeka. Mimi nikakaa pembeni, macho kwenye vidole vya miguu, kama adabu yetu inavyotaka. Alisimulia bahari ilivyokauka, samaki wakirukaruka, na dada yake akakimbilia kuwaokota asirudi tena. Yote hayo niliyatafsiri sawasawa. Mwisho akasema maji yalifika pale, yakasimama. Pale wapi? Alielekeza kwa midomo, kama tufanyavyo sote. Wageni hawakuona kitu, maana walikuwa wanangoja mkono. Nami nilikuwa nahesabu kucha zangu. Daktari akauliza ni wapi hapo. Ningeweza kumtuma Leiwia amuulize tena, lakini niliona haya wageni wajue kwamba mkalimani wao hamtazami shahidi. Nikajibu kwamba ni kanisani.

Walichimba kilimani, juu ya kanisa, kutafuta mchanga wa wimbi la zamani, lakini kule ni mashamba ya viazi vikuu, udongo umepinduliwa tangu enzi za babu zetu. Wakaamini neno langu wakidhani ni la mama. Kibao kikasimikwa uani kwa kanisa: hapa ni salama. Mama alikuwa anaugua miguu siku hizo, hakukiona.

Siku ya wimbi hili jipya, king'ora kilipolia, tulikimbilia kanisani kama tulivyofunzwa. Leiwia alimshika mama mkono. Alipofika hakutaka kusimama. Mke wa mchungaji akamsihi apumzike, maji hayafiki hapo, wataalamu wamepima. Mama akafoka: wataalamu gani hao, kwani wao walikuwepo? Kisha akapaza sauti, aambiwe mume wa Leiwia kwamba si hapa, ni pale. Shemeji, alielekeza tena. Nami nikainamisha uso tena. Watu wakanitazama mimi mwenye kofia. Nikasema tukae. Maji yalipokuja, wenye nguvu tulishika miti na madirisha. Mama hakuwa na nguvu.

Majuto ni mjukuu, na wangu hanipi usingizi. Leo kabla ya ibada nilikwenda kwenye nyumba yake. Limebaki jiwe la mlangoni tu. Nilikaa alipokuwa akikaa, nikainua uso, nikatazama alikokuwa akitazama. Mbele yangu upo mshelisheli mmoja kilimani, juu sana ya kanisa. Nikapanda. Takataka za wimbi, ndoo, viatu, makuti, zote zimeishia hatua tatu chini ya shina lake. Mama hakusahau chochote.

Leiwia nitamwambia nikishaifunga barua hii, na naogopa kuliko nilivyoliogopa wimbi. Kesho nitamwambia Daktari Hoshino mbele ya kijiji kizima, wasije wakaacha kuwasikiliza wazee wa watu kwa kosa langu. Nilitaka wewe mwanawe ujue kwanza. Ukirudi ukashindwa kukaa nami nakamalini, sitakulaumu.

Ushahidi ule lazima urudi kwa mwenyewe, na jina lake nitalitamka mimi, maana ndimi niliyelichafua. Niache nilijaribu hapa kwako kwanza: Leimata. Leimata alisema kweli.

Wasalimie wenzako wa shambani. Mungu akutunze huko ugenini.

Ni mimi, shemeji yako kama bado wanikubali,
Kaltaua