Namba ya Ndege Iliyozama Eyasi

Oldeani,
S.L.P. 41, Karatu.
14 Oktoba 1984

Mpendwa Shangazi Germana,

Shikamoo Shangazi. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Sumbawanga, na ule mguu uliokusumbua wakati wa masika uwe umetulia. Sisi hatujambo, ila kiangazi kimetukaba koo. Kahawa imenyauka, sabuni tunaisikia tu. Mama Cresensia anakohoa, lakini bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua ni mzima.

Nina jambo kubwa la kukueleza. Tafadhali kaa kitako kwanza.

Unaujua ugonjwa wa mume wangu Inosenti, wa ndege za zamani. Ni fundi wa matrekta, lakini magazeti ya ndege aliyoyaacha mzungu wa shamba ameyasoma mpaka yamechanika, na jogoo wetu amempa jina la ndege, Dakota. Nilikuwa namcheka. Leo nimenyoosha mikono.

Mwaka huu Ziwa Eyasi limekauka kuliko tulivyozoea. Watu waliofuata vitunguu Mang'ola walirudi wakisema mkia wa ndege umetokeza kwenye tope. Inosenti hakula siku hiyo. Alfajiri akadandia lori la vitunguu, na mimi nikadandia nyuma yake, maana nilikumbuka ile picha uliyoniachia ulipohama.

Ile ya mumeo Piusi, Shangazi, amevaa sare, amesimama kwenye mlango wa ndege aliyokuwa akiipakia mizigo vitani, na namba 547 imeandikwa ubavuni mwa ndege, usawa wa bega lake. Katika barua yake ya mwisho, mwaka 1943, alikuandikia kwamba amepata likizo na anakuja na ndege hiyohiyo. Hakufika. Jeshi likaandika kwamba hajulikani alipo. Watu wa huku hawakungoja kujulikana: wakasema amekukimbia, ana mke Nairobi. Ukahama kwa aibu isiyokuwa yako.

Ungemwona Inosenti pale ziwani! Miguu peku kwenye tope la magadi, anapima mabawa kwa futi kamba ya fundi cherehani. Kwanza akatangaza kwa sauti kubwa kwamba ni Dakota. Akachimba mkia, akakuta mapezi mawili. Akacheka peke yake: "Dakota ina moja. Nimekosea, mke wangu, hii ni Lodestar!" Sijapata kuona mtu anayefurahia kukosea namna ile. Nikampa picha. Akaitazama muda mrefu, akasema hata ile ya kwenye picha ni Lodestar, mapezi mawili yanaonekana nyuma. Lakini ndege za aina hiyo zilikuwapo nyingi, na ubavu wenye namba ulikuwa umekatwa wote.

Juu ya ufuko kuna boma la Wamaasai. Mama mmoja, Naserian, alikuja kututazama, na shanga zake zilining'iniza vipande vyeupe vinavyomeremeta. Inosenti akaniminya mkono. Mama huyo anajua Kiswahili cha sokoni, akatueleza bila kuficha: zamani maji yalipopungua, mama mkwe wake alikata bati la ile ndege, akawagawia wake watatu wa mwanawe mapambo.

Inosenti akamwomba, karibu kupiga magoti, avifumue, maana rangi ingekuwa imebaki upande ulioshonewa ngozi. Wake wenzake wawili walikataa. Naserian akaenda kukaa nao, sijui aliwaambia nini, wakarudi wote watatu na sindano. Vipande vikalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, kila kimoja na tarakimu yake. Inosenti akavipanga: 475.

Shangazi, haikuwa namba ya kwenye picha. Naserian akacheka.

"Umeweka mke mkubwa nyuma," akasema. "Mama mkwe alikata kuanzia kwa mkubwa. Angethubutuje kuanza na mdogo?"

Akavipanga mwenyewe kwa mkono wake: cha mke mkubwa, chake yeye, cha mke mdogo. Matundu ya ribiti, ile misumari ya kuungia bati, yakakutana sawasawa. 547. Inosenti, anayejua kila ndege ya vita, alivua kofia mbele ya mama asiyejua kusoma namba.

Ndani ya ndege tope limejaa hadi juu. Hatukuchimba zaidi. Padri amekubali kwenda huko na kusoma misa, ila nimemwomba angoje neno lako.

Wale wawili wameshona vyao upya. Naserian hakutaka kushona chake, nakituma pamoja na barua hii. Alipojua ni habari ya mume wa mtu, alikiweka mkononi mwangu, akasema: "Mwambie mama huyo nimecheza ngoma miaka mingi na msiba wake shingoni. Asinikasirikie."

Shangazi yangu, Piusi hakukukimbia. Alikuwa njiani anakuja kwako. Wewe si mke aliyeachwa, wewe ni mjane, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukupa pole. Basi mimi naanza. Pole, Shangazi. Pole sana kwa kufiwa na mume.

Mama Cresensia anakusalimu huku analia. Kaka Martini na watoto wote wanakusalimu. Mungu akushike mkono.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Evarista