Mchango wa Kozi Ambayo Haikuwepo

Jumanne, 6 Mei

Lindo limeisha saa mbili asubuhi. Buti zimelowa. Nimelala kidogo, nimekula viazi vya bwalo, kisha nimekwenda kwenye banda la Elin kufunga shokomzoba za nyuma. Elin ni mwenzangu wa kikosi. Banda ni la baba yake.

Wenzangu wa chumbani wanauliza ninaandika nini. Nawaambia orodha ya vipuri. Humu kambini hakuna anayesoma Kiswahili, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili.

Gari limekamilika. Kuukuu, jekundu, halina vioo, vyuma vya kukinga kichwa vimechomelewa ndani. Mbio zenyewe Waswidi huku wanaziita folkrace: magari chakavu, njia ya changarawe, madereva sita wanagombania kona moja. Mshahara wa askari wa cheo cha chini kama mimi haununui hata matairi. Hakuna aliyeniuliza nililipaje.

Alhamisi, 8 Mei

Basi niandike.

Mwezi wa pili nilimwambia Mama kwamba nikitaka kupanda cheo lazima nisome kozi ya magari mazito, na kwamba askari tunajilipia. Uongo. Jeshi likitaka uendeshe linakufundisha bure. Mama hajui mambo ya jeshi. Nilitumia kutojua kwake.

Akasimama mbele ya kikundi chao, kwenye ukumbi wa Hagsätra wanakokutana Jumamosi. Watanzania, Waganda, Wakongo wawili watatu. Akaniombea mchango. Miaka kumi na tisa Mama amewaombea wengine: misiba, harusi, watoto wanaohitimu. Ya kwake hajawahi kuomba. Walitoa mpaka hela ikazidi, kwa sababu aliyeomba ni yeye.

Mzee Kaggwa alitoa kuliko wote. Alikimbia Uganda akiwa kijana, baada ya wanajeshi kumchukua kaka yake. Alisema mbele ya watu: "Mimi na sare hatupatani. Lakini huyu askari ni wetu." Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa sare, Mama alitaka wanione. Nikampa mkono nikacheka.

Jumapili, 11 Mei

Mama amepiga simu. Kikundi kitaniandalia chakula tarehe 24, kunipongeza kwa kumaliza kozi. Mzee Kaggwa anataka kukiona cheti, akipige picha amtumie dada yake aliyeko Masaka.

Nimemjibu kwa Kiswidi kama kawaida yangu, ndiyo, ndiyo, nikakata. Siku za mwizi arobaini, na mwizi ni mimi.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata njia. Nauza gari. Kuna jamaa wa Rissne anayejua injini, ameliona, atalipa karibu yote niliyoweka humo. Anakuja Jumapili. Nitarudisha mchango wa watu, nitasema kozi imefutwa. Ni uongo mwingine, najua. Lakini nikijazia kidogo kwa mshahara hela itakuwa kamili, na Mama hataaibika.

Elin akasema basi mbio za Jumamosi usishindane, liache bandani. Ana sababu. Mbio zikiisha, dereva yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuomba kununua gari lako kwa bei moja ya chini iliyopangwa. Huruhusiwi kukataa. Ukikataa, unafungiwa. Ndivyo wanavyowazuia watu kumwaga mali kwenye gari la mbio. Mimi nimemwaga, tena ya wenzangu.

Mara moja tu, nilimwambia. Nitamaliza wa nne. Nani atataka gari la mtu wa nne?

Jumamosi, 17 Mei

Nimeshinda.

Nilikusudia kupunguza mwendo. Kweli nilikusudia. Kona ya kwanza nilikuwa wa tano, poa kabisa. Halafu wawili wakagongana, njia ikafunguka, na mguu ukakataa kuinuka. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Kwa mizunguko yote iliyobaki sikumkumbuka Mama, wala Mzee Kaggwa, wala mtu yeyote.

Walioomba kulinunua walikuwa saba. Waamuzi wakachagua kwa bahati nasibu. Likaenda kwa mama mmoja wa makamo, mpole, akanishika mkono akasema nimelitunza vizuri. Bei ile ile ya kanuni. Haifiki nusu ya mchango.

Elin alibeba helmeti yangu mpaka kwenye gari lake, hakusema "nilikwambia". Nimelia chooni. Najichukia.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda nyumbani. Mama alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba anakohudumia wazee. Magoti yake yamevimba tena. Nikamweleza yote kwa Kiswidi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Sasa sema kwa Kiswahili, Koku."

Kwa Kiswidi nilikuwa nimesema tu kwamba nimefanya makosa. Kwa Kiswahili ilibidi niseme: nimekudanganya, Mama. Nimekula mchango wa watu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amelala na nguo za kazi.

Jumamosi, 24 Mei

Mama alikataa kuwapigia simu kabla. Alisema watu walitoa wakiwa wamekaa ukumbini, na ukumbini ndiko wataambiwa. Kwa hiyo tulikuta wameshapika. Pilau, matoke, sambusa. Niliwaeleza nikiwa nimesimama, nguo za kiraia, bahasha mezani. Nikasema iliyobaki nitalipa kila mwezi. Mama Chantal, rafiki wa Mama kutoka Goma, alirudisha mfuniko kwenye sufuria ya pilau.

Sikuwa nimemaliza. Mama akainuka, akaenda mbele ya Mzee Kaggwa, akapiga magoti. Kwao Bukoba mwanamke humpigia mkubwa magoti kwa salamu. Hii haikuwa salamu. Alishuka kwa shida, mkono mmoja kwenye kiti.

"Mzee, kosa ni langu. Aliyewaomba ni mimi."

Nilijua mahali pangu ni pale chini, kando yake. Nilishuka nimechelewa, na vibaya, kama mtu aliyeangusha kitu. Mzee alimwinua Mama kwa mikono miwili. Mimi hakunigusa.

"Wale wanajeshi wa kwetu hawakurudi kutuambia lolote," alisema. "Wewe umerudi. Lakini sare usinivalie tena."

Bado nimevaa aibu hii. Haivuliwi.

Jumapili, 1 Juni

Msiba. Mama Chantal amefiwa na mdogo wake huko Goma. Kikundi kimekutana ukumbini, nimemsindikiza Mama. Mvua ndogo.

Baada ya sala ikafika zamu ya mchango. Watu wakamgeukia Mama kwa mazoea, kisha wakatazama meza. Akasimama kijana mmoja wa Hjulsta, akaomba kwa kusoma kwenye simu. Aliomba vizuri tu. Watu wakatoa.

Mama alikuwa ameshaingia jikoni, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikachukua kitambaa nikasimama upande wake wa kushoto. Hakunitazama. Akanipa kikombe kimoja nikaushe, halafu kingine.