Shakwe Walewale wa Basotu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Katesh kuna upepo, mawingu yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Leo ilikuwa siku ya kuhesabu ndege Ziwa Basotu. Mwaka wa nne sasa. Kila Januari, Ulaya ikiwa kwenye baridi kali, shakwe wanakuja huku kwetu, ndege weupe wa baharini wasiojali kwamba bahari iko mbali. Mimi mwalimu wa baiolojia naazima darubini ya shule, napanda mtumbwi wa Mzee Tluway mvuvi, tunasimama sehemu tano za ziwa. Kila sehemu nahesabu na kuandika. Baadaye mratibu wa mradi anachora ramani ya ndege gani wanakaa wapi.

Kwenye ramani hiyo shakwe wetu wameenea ziwa zima. Kwa sababu yao nimealikwa kufundisha semina ya wahesabuji wa maziwa mengine. Mkuu wa shule alitangaza mstarini, nikapigiwa makofi. Kichwa kilivimba, nakiri.

Leo, kituo cha kwanza, shakwe kumi na wawili. Mmoja mguu wake umevunjika, unaning'inia. Nikamwonea huruma. Kituo cha pili, kumi na wawili, na wa mguu mbovu yumo. Cha tatu, yumo. Cha nne, yumo. Cha tano alikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa, anasubiri.

Anasubiri utumbo. Mzee Tluway, kama kila mwaka, alikuwa anatoa nyavu zake njiani, anapasua perege na kutupa matumbo majini.

"Mzee, hawa ndege wanatufuata?"

"Eeh, mwalimu. Si wananijua? Wananifuata mpaka nitoke majini."

"Sasa mbona miaka yote hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nikajua ndiyo kazi yenu ilivyo, kuwahesabu mara tano."

Nilicheka, halafu machozi yakanilenga.

Akanishauri niandike sitini kama kawaida, nani atajua. Nakiri pia kwamba mpaka tunafika ufukweni nilikuwa upande wake. Nilijiambia ni ndege tu, hawali mshahara wa mtu. Kilichonishinda ni kuwafikiria wale wa semina, wakirudi kwenye maziwa yao kuhesabu kama nitakavyowafundisha.

Kwenye fomu nimeandika: shakwe kumi na wawili, ziwa zima.

Kisha nikamtumia mratibu ujumbe mrefu kwamba namba zangu za shakwe za miaka mitatu haziaminiki. Hata kugawa kwa tano hakusaidii, maana sijui mwaka gani walitufuata wangapi.

Amejibu sasa hivi. Ameshukuru. Ramani itachorwa upya. Semina itafundishwa na mtu mwingine, ila nafasi yangu ipo: nije nikae na wanaojifunza.

Imeniuma sana.

Nitakwenda. Na Jumatatu nitaomba dakika mbili mstarini, niwaambie wanafunzi mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu.