Majuma Kumi na Moja

Zahanati ya bondeni,
tarehe 9 Novemba

Dada yangu mpendwa Rufina,

Salamu nyingi zikufikie huko Hong Kong. Natumaini kikohozi kimekuacha, na kwamba yule mtoto wa mwajiri wako unayemlea ameshazoea kulala peke yake nawe unapata usingizi. Sisi huku milimani hatujambo. Mvua imekatika, mpunga wa matuta ya chini tumeuvuna, na mumeo Andal amepata kibarua cha barabara. Anarudi nyumbani Jumamosi.

Jovito wako ni mzima. Kila asubuhi namsagia kidonge kwenye kijiko cha maji, anakunywa, kisha tunangoja nusu saa kabla ya uji. Ametimiza miaka sita na ameanza shule. Sitakuficha, mwalimu aliniita. Alisema ni mtoto mwenye heshima asiyemchokoza mtu, lakini wenzake wanasoma maneno naye bado anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Wanamwita Konokono. Nilimwuliza kama inamuuma. Akafikiri kwa muda mrefu, akaniambia konokono ana nyumba.

Mwezi uliopita alikuja daktari kutoka mji wa Baguio, mzee mpole, kumwona Jovito na watoto wengine ambao tezi yao ya shingo haifanyi kazi. Nilimwomba anieleze vizuri, maana miaka yote hii nimekuwa nikigawa dawa kama peremende. Akasema kila seli ya mwili ina vijitanuru vyake, na humo chakula kinachomwa kwa hewa tunayovuta; ndiko nguvu zetu zinakotoka. Homoni ya tezi ndiyo inayoamuru vijitanuru viwe vingapi na viwake kiasi gani. Ikikosekana, chakula kipo na hewa ipo, lakini moto unafifia: mwili unapoa, moyo unapiga polepole, choo kinafunga, mtu analala tu. Mtu mzima akipata dawa, moto unawaka tena. Ila ubongo wa kichanga bado unajengwa, na unaihitaji homoni hiyo kuliko kitu chochote. Kilichokosa kujengwa majuma yale ya kwanza, dawa haikirudishi.

Nikamkumbuka Jovito alivyokuwa. Sote tulimsifu. Halii, hasumbui, mpaka umwamshe ndipo anyonye. Mama mkwe wako alikuwa akitamba kanisani, "Huyu wetu kazaliwa mzee, ana adabu zake," nawe unacheka huku unamfunika blanketi la pili kwa kuwa alikuwa wa baridi.

Daktari akafungua faili la Jovito. Aliweka kidole kwenye tarehe mbili, akaniuliza kwa upole, "Majibu ya damu aliyotolewa alipozaliwa yalifika mtoto akiwa na siku kumi na nane. Dawa imeanza ana miezi mitatu. Hapa katikati mlikuwa wapi, Sista?" Nikamjibu kwamba njia ilikuwa imeporomoka. Alinitazama, akafunga faili.

Dada, njia haikuporomoka.

Karatasi ile ya majibu niliipokea mimi, maana majibu ya watoto wote wa huku huletwa zahanati hii. Nilisoma jina lako, na maneno kwamba mtoto aletwe mara moja. Kwako ni mwendo wa saa mbili tu kwa miguu. Lakini ulikuwa mwaka ule tusiosemezana, tangu ulipoinuka kwenye matanga ya mama ukasema mbele ya watu kwamba nilisomea uuguzi ili nimtazame mama akifa. Hata kujifungua ulijifungulia kwa mkunga mwingine ili usinione. Nikasema moyoni, mwenye shida na ateremke mwenyewe. Nikaiweka karatasi chini ya daftari la chanjo. Nilidhani ningeitoa kesho yake. Siku zikapita, na kadiri zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona haya. Barua ya pili kutoka mjini ilipofika ndipo nikapanda kwako, nikakuambia majibu yamechelewa mjini. Ukanikumbatia pale mlangoni, ukalia, ukasema sasa umeamini una mdogo wako. Nikakuacha uamini hivyo.

Majuma kumi na moja, Dada. Nimeyahesabu mara nyingi. Na wewe kila ukipiga simu unanishukuru. Ulipoondoka ulinikabidhi mtoto ukisema hakuna mwingine unayemwamini. Mwanzoni nilimlea kwa hofu. Baadaye nikampenda, na sasa siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Jana nilimpelekea mganga mkuu maelezo haya kwa maandishi. Andal nitamwambia akirudi. Ukitaka mtoto ahamie kwa bibi yake, nitampeleka mwenyewe. Wakumbushe tu kwamba kidonge anapewa tumbo likiwa tupu, kisichanganywe na maziwa ya soya, na kisikose hata siku moja. Siombi msamaha kwa barua. Nimetaka tu uache kunishukuru.

Mama mkwe wako anakusalimu sana, na majirani wote wa juu. Jovito yuko hapa mezani. Nimemwuliza nimwandikie nini mama yake, akafikiri mpaka nikadhani amesahau swali. Anasema nikuambie leo amekula yai zima, na kwamba Mama Mdogo analia.

Ni mimi mdogo wako,
Perpetua