Nguo Uliyoishonea Kofia ya Nassor

Maskati,
Jumatano, baada ya Alasiri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naibusu mikono yako kutoka huku mbali, na namuomba Mungu barua hii ikukute miguu imeacha kuvimba na ngazi za nyumba unazipanda bila kushika ukuta. Mimi mwili wangu mzima, chakula nakula, kazi ipo. Moyo ndio hauko sawa. Tangu jana nina hofu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nije nchi hii, na hofu yenyewe ni juu ya mdogo wangu Nassor.

Zuwena, mdogo wangu, wewe ndiye unayemsomea mama. Nakujua vizuri. Ukifika kwenye maneno mazito unakohoa, unaruka mistari mitatu, kisha unaendelea na salamu. Leo nakuomba usiruke hata neno, na ukimaliza, mwite Nassor umsomee na yeye.

Juzi jioni nilikwenda kumsalimu Bi Salma, jirani yetu, aliyekuja kumtembelea binti yake huku. Nilimkuta hajambo, analalamikia joto utadhani sisi Unguja tunaishi ndani ya barafu. Alinikabidhi furushi lako: achari ya ndimu, vileja, barua, na ile picha ya Nassor. Alinipa na habari za nyumbani, nikazisikiliza sikio moja kwa sababu mkono ulikuwa umeshafungua vileja. Achari tumeimaliza chumbani siku ileile, watu wanne, tukagombania hata mafuta ya chini ya chupa. Na picha nilipoitazama nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Nassor amesimama mbele ya karakana yake ya Amani, mkono kiunoni, amevaa ile kofia ya kuchomelea vyuma niliyompelekea. Na kofia imevaa nguo! Satini nyeusi, uzi wa dhahabu umezunguka kioo, na pindo la chini limetiwa nakshi. Nilijua mara moja mkono wa nani huo. Ni kama zile barakoa za kufunika uso ulizokuwa ukiwashonea mabibi wa mjini tulipokuwa wadogo. Nyumbani kwetu redio ina nguo, televisheni ina nguo, chupa ya chai ina nguo, basi na kofia ya Nassor nayo ivae. Tena kioo chake bado kina ile nailoni ya dukani na kikaratasi chake pembeni, maana kwetu kitu cha Arabuni hakivuliwi nailoni mpaka ichanike yenyewe.

Jana nikaipeleka picha kazini, niwachekeshe wenzangu. Wakacheka kweli. Ila msimamizi wetu Yusufu, Mhindi mtu mzima aliyechomelea vyuma maisha yake yote, aliichukua akaisogeza mlangoni penye mwanga, na yeye hakucheka. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, "Vijicho viko wapi?"

Mama, nilimnyang'anya picha nikaitazama upya.

Nikueleze, maana kosa ni langu sikueleza mwanzo. Kofia hii si kama kile kibao cha zamani alichokuwa Nassor akikishika mkononi, chenye kioo cheusi. Kioo cheusi ni cheusi saa zote. Hiki cha kofia ni cheupe, unaiona kazi yako vizuri, na moto ukiwaka tu kinatia giza chenyewe kabla hujapepesa jicho. Lakini hakifanyi hivyo kwa miujiza. Juu ya kioo pana vijicho viwili vidogo, kama punje za choroko, ndivyo vinavyouona moto na kukiambia kioo. Na kati yake pana kipande chembamba kinachonyonya mwanga, ndicho kinachokipa kioo nguvu. Vyote hivyo vimefunikwa na satini. Moto unawaka, kofia haina habari, na kioo kinabaki cheupe mbele ya uso wa mwanao.

Yusufu alijaribu kunituliza. Alisema kioo cha namna ile, kikiwa hakina ufa, hata kikiwa cheupe kinazuia ile miale mibaya isiyoonekana. Lakini mwanga wenyewe mkali unapita, na mtu akiutazama siku baada ya siku unamuunguza ndani kabisa ya jicho, mahali ambapo hasikii hata maumivu. Na kuna jingine, akasema. Kofia ikikataa kutia giza, fundi haachi kazi. Anaanza kufumba macho kila anapogusisha chuma, au anainyanyua kofia kidogo aone amefika wapi, na hapo hana kinga yoyote.

Alikuwa ananisema mimi. Mwaka jana, mama, jambo hili sikukuandikia, vijicho vya kofia yangu vilijaa vumbi na cheche za chuma, nami sikuvifuta. Kioo kikawa kinatia giza kikipenda. Tulikuwa na mlango wa ghala wa kumaliza, nikasema nitafumba macho tu, kazi iishe. Baada ya saa chache macho yakawa kama yametiwa mchanga wa moto. Siku tatu nimelala na kitambaa usoni, natokwa na machozi, mwenzangu ananishika mkono kunipeleka chooni. Nilidhani ndiyo basi tena, sitauona uso wako. Nikapona. Barua niliyokuletea mwezi ule nilisema nina mafua.

Basi jana nilipotoka kazini, hata nguo sikubadili, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Salma. Nilikuwa nimekumbuka neno alilolisema juzi nikalipitisha tu. Nikamuuliza tena habari za Nassor.

"Nshakwambia, mwanangu, wote wazima," akasema. "Nassor macho mekundu tu, na mjini kote yamezagaa."

"Yamemuanza lini?"

"Aa, yanampata yanamwacha. Siku za kazi yanamshika, Ijumaa akipumzika yanapoa. Mama'ko anamuosha kwa maji ya waridi, hana neno."

"Na hapo nyumbani nani mwengine kayapata?"

Bi Salma akafikiri, akanitazama. "Hata mmoja," akasema. "Zuwena hana, mama'ko hana. Ajabu hiyo, maana kwangu mimi tuliugua nyumba nzima." Kisha akaweka kikombe chini.

Mama, macho mekundu ya maradhi yakiingia nyumba moja hayamwachi mtu, taulo moja tu linatosha. Haya ya Nassor yanaanza Jumamosi anaposhika kazi na yanapoa Ijumaa. Hayo si maradhi ya mjini. Ni moto. Kila asubuhi anatoka kwako ameoshwa vizuri kwa maji ya waridi, anakwenda kuchomwa tena.

Usilie, na usijilaumu kwa ile nguo. Nakuapia nguo ni nzuri, na wewe ulitaka kukitunza kitu cha mwanao kisichubuke. Wa kulaumiwa ni mimi. Kofia ilikuja na kijitabu cha maelezo, nikakiacha huku kwa sababu ni cha Kiingereza na nilitaka furushi liwe jepesi. Badala yake nikakurekodieni kanda nikijigamba, "Mwambieni Nassor avae tu, kofia hii inajua yenyewe." Nayasikia maneno yale usiku na mchana. Mtu akiambiwa kofia inajua yenyewe, halafu macho yakamuuma, ataishuku vipi kofia? Atalishuku vumbi, atawashuku majirani, atajishuku mwenyewe.

Nimepiga simu ya duka la chini ya nyumba yetu huko mara nne tangu jana. Mara tatu haikushikwa. Mara ya nne alipokea mtu nisiyemjua, nikapiga kelele, "Mwambieni Nassor asiivae kofia!" Akanijibu, "Naam, naam, wote wazima wanakusalimu," laini ikakatika. Barua hii anaichukua bwana mmoja wa Malindi anayerudi Ijumaa, na ameniahidi ataileta mlangoni kabla hajafika kwake. Hizo siku za katikati ndizo zinazoninyima usingizi. Umeniandikia Nassor amepata kazi ya madirisha ya hoteli inayojengwa huko mashamba, anachomelea kuanzia asubuhi hadi magharibi, nawe umefurahi. Mimi kila nikiona cheche hapa kazini nahesabu na zake.

Sasa la kufanya. Bwana huyo akishatoka mlangoni, ichukue kofia uifungie kabatini kwako na ufunguo uutie kwenye upindo wa kanga. Nassor akigomba, mwambie kaka yako kasema. Kama ni lazima amalize kazi ya watu, akitoe kile kibao chake cha zamani, maana kwa ubaya wake wote hakikumsaliti hata siku moja. Lakini kwanza apumzishe macho, na aende hospitali akaonyeshe, amwambie daktari kwamba yeye ni fundi wa kuchomelea. Asiposema hivyo atapewa dawa ya macho mekundu arudishwe nyumbani. Maji ya waridi acheni.

Macho yakishapona na daktari akimruhusu, ndipo aishike tena kofia. Nguo ivuliwe yote, na nailoni ibanduliwe, hata kama Zuwena atasema inapoteza upya. Aitazame kwenye mwanga. Akiona ufa kwenye kioo, japo mwembamba kama unywele, basi kofia hiyo imekufa, asiihurumie. Ikiwa nzima, kabla ya kuanza kazi kila siku atoke nayo nje aielekeze juani akitazama kioo. Kikitia giza, sawa. Kikibaki cheupe, asiwashe moto. Vijicho avifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, si kwa mafuta ya taa kama anavyofutia kila kitu. Kile kioo cha nje cha plastiki kikijaa cheche abadili, nitamletea vingine. Pembeni pana kitufe cha kuzungusha cha kuongeza giza, akichoma chuma kinene aongeze. Na jioni asiifungie sandukuni mwezi mzima, nayo inataka mwanga. Kijitabu nimekitia humu, na Yusufu amenisaidia kuandika maana yake pembeni kwa penseli.

Kuna jambo lazima niliseme, na nalisema kwa adabu zote. Alipofariki baba, mliniandikia kwamba ana homa. Barua ya pili mkasema anapata nafuu. Nilinunua shuka nzuri ya kumletea, na ile shuka ilifika kwenye arubaini yake. Najua mlifanya kwa huruma, maana ndivyo tulivyo, mtu wa mbali haambiwi. Na mimi nimewafanyia nyinyi vilevile kwa yale mafua yangu. Lakini mama, mtu akizoea kuambiwa wote wazima, neno hilo halimtulizi tena. Nimeisoma barua yako mara sita tangu jana. "Sote wazima, Nassor anakusalimu." Kila nikiisoma naogopa zaidi.

Nisalimie shangazi wa Makunduchi, mwambie dawa ya mgongo nimeipata na asiiname sana kwenye mwani wake. Msalimie mjomba, na mkewe aliyenipikia mkate wa kumimina siku ya kuondoka. Mpe salamu mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, umuombe atusomee dua, amtaje Nassor kwa jina. Zuwena namsalimu na namshukuru kama amefika mpaka hapa bila kukohoa.

Ila jibu la barua hii asiandike Zuwena, wala usimpe mtu mwengine yeyote kalamu. Aandike Nassor mwenyewe kwa mkono wake, kwenye karatasi yenye mistari, nami nitaona kama anaifuata. Mistari miwili inatosha, japo anitukane.

Mwanao,
Hilali